Wimbo wa Mvua kwa Mama Asiyesikia

Mama yangu aliacha kusikia mwaka 2004, na tangu hapo nikawa na mama lakini sina wa kuongea naye. Watu husema simu imeifanya dunia kuwa ndogo. Wapi! Simu ni ya wenye masikio.

Niliondoka Bukavu mwaka 2002 nikaja Bruxelles. Miaka miwili ya kwanza nilimpigia kila Jumapili baada ya misa. Kwetu ni Nyangezi, nje ya mji, na mama alikuwa anapanda kilima mpaka afike penye réseau ya simu, halafu anaanza kunifokea: ju ya nini nimekonda? Hanioni, lakini nimekonda. Nilikuwa nakasirika, maana hasira nimeirithi kwake, sikuiokota njiani. Leo ningetoa meno yangu mawili ya mbele nifokewe vile tena.

Kisha malaria ikamshika vibaya, wakampa dawa ya kinini kwa mshipa siku nyingi, homa ikatoka na masikio yakaenda nayo. Mama hakusoma shule hata siku moja, kwa hiyo barua kwake ni karatasi iliyochafuliwa. Akabaki mdogo wangu Bienaimé kuwa mdomo wake. Kila Jumapili alinipigia, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: “Yaya Sidonie, mama anakusalimia.” Miaka minne, neno lile lile, kama muhuri wa ofisi ya komine. Nilikuwa namuuliza, “Lakini amesema nini?” Na yeye: “Bon, amekusalimia tu.” Ningekuwa karibu ningemzaba kofi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama aliacha kuimba. Maman Pétronille wa Nyangezi, ambaye harusi haikuanza mpaka afike, ambaye shambani akianza wimbo hata wanawake wa kilima cha pili wanaitikia! Bienaimé alisema wakimwomba aimbe anatikisa kichwa. “Siwezi pikia bantu chakula chenye mi mwenyewe sionje,” aliwajibu, na tangu siku hiyo hawakumwomba tena.

Ningeenda kumwona, ndiyo. Lakini sikuwa na papier, kibali cha kukaa. Niseme wazi tusipoteze muda: ombi la kwanza lilikataliwa, la pili lilikuwa mezani kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona sura. Bila kile kikaratasi, ukitoka Ubelgiji umetoka, hurudi, na nyumba nzima kule Nyangezi ilikuwa inakula kwa mikono yangu. Donc nilisafisha nyumba za watu mtaa wa Saint-Gilles, na nikangoja.

Mmoja wa watu hao aliitwa Hervé, Mbelgiji mwembamba wa miaka hamsini hivi, kazi yake kutengeneza karatasi za zamani. Usicheke, ni kazi kweli. Mtu ana mchoro wa miaka mia tatu ulioliwa na unyevu, anampelekea Hervé, naye anauziba tundu kwa tundu na brashi yenye nywele tatu na gundi ya ngano. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu kabisa, na amri ilikuwa moja: ndoo ya maji haivuki kizingiti. Nilikuwa nafagia mle kikavu, kimya, na Hervé akishika pumzi na mimi naishika.

Jumanne moja ya Februari 2008 nikakuta meza yake imewaka rangi. Kurasa sita, kila moja si kubwa kuliko daftari la shule, kutoka India. Nyekundu, njano ya embe, kijani. Mimi sikuwa mtu wa kuangalia michoro, kwangu ni vitu vya kufuta vumbi. Lakini mmoja ulinishika mkono. Mwanamke amekaa barazani peke yake, wingu jeusi linapanda nyuma ya paa, tausi ameinua shingo juu ukutani, na yeye ameegemeza shavu kwenye kiganja, anaangalia upande wa njia. Hakuna mtu njiani. Nilisimama na ufagio wangu kama niliyepigwa msumari.

“Anamngoja nani?” nikamuuliza Hervé kwa Kifaransa.

“Huyo si mtu,” alisema bila kuinua uso. “Ni wimbo.”

Nikajua gundi imempanda kichwani. Akaona sura yangu, akaweka brashi chini, akanieleza. Kule India, alisema, kuna namna za kuimba zinazoitwa raga, na kila raga ina saa yake na majira yake: ya alfajiri haiimbwi jioni, ya mvua haiimbwi kiangazi. Wachoraji wakazipa miili. Hii wakaifanya mwanamke, ile mfalme, nyingine mtawa msituni. Wakizikusanya pamoja wanaita ragamala, yaani shada la raga, kama maua yaliyotungwa kwenye uzi.

“Kwa hiyo usiulize kinatokea nini hapa,” alisema. “Uliza ni saa ngapi na hewa ikoje. Mtu aliyeujua wimbo, akiona tu wingu na tausi, alikuwa anausikia.”

“Hata kama ni kiziwi?”

Hervé akanitazama kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu nianze kazi pale.

“Sijawahi kuulizwa hilo,” alisema. “Lakini kama aliwahi kuusikia zamani, nafikiri ndiyo.”

Siku ile sijui nilimalizaje kusafisha. Nilimtamani mama mpaka mbavu zikauma, si maneno ya kusema tu, zilinibana nikakaa kwenye ngazi za Hervé na kushika reli ya ngazi. Miaka minne nilikuwa nimemtumia mama picha zangu, na picha zangu zilimwambia nini? Kwamba nina koti jipya. Hervé alinitolea nakala ya yule mwanamke wa barazani, nikaikunja nikaitia kwenye sidiria kama noti ya pesa, nikaenda moja kwa moja kwa Séraphin.

Séraphin alikuwa mtu wa Lubumbashi, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mchoraji wa mabango. Vichwa vile vya wanawake waliosukwa unavyoviona kwenye saluni za Galerie d’Ixelles, kule Matonge, mtaa wa Wakongo, vingi ni mkono wake. Anatafuna chewing-gum asubuhi mpaka anapolala, na hana adabu, lakini mkono anao.

“Séraphin, nataka unichoree wimbo.”

“Wimbo?” Akageuka polepole. “Bon. Iko na pua ya namna gani, ile wimbo?”

“Leo siko na mchezo.”

“Na mi pia siko na mchezo! Muntu analeta kichwa, nachora kichwa. Analeta kuku, nachora kuku. Wimbo nitaishika wapi, maman? Iko na shingo?”

Nikamwonyesha nakala ya Hervé na kumweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaipeleka karibu na taa.

“Iyi muntu mwenye alichora alijua kazi,” alisema. “Angalia. Haina kivuli hata kimoja, na baridi unaisikia. Basi, imba.”

“Hapa?”

“Unataka nichore kitu sijasikia?”

Nikaimba pale jikoni kwake, kati ya makopo ya rangi. Ni wimbo wa Kishi, lugha ya kwetu, na mama ndiye aliyekuwa anauongoza. Mvua inawakuta wanawake shambani, wanakimbilia kibanda cha kulindia shamba, wanabanana mle, halafu kiongozi anaanza kuitukana mvua kama mgeni: we mgeni gani huna hodi, umeingia na matope miguuni, nani alikuita? Wengine wanaitikia: mwache amalize, ataenda. Na kiongozi anaongeza matusi, na wao wanaitikia, mpaka mvua inachoka. Mtu hauimbi nyumbani, hauimbi kanisani, hauimbi jua likiwaka. Ni wimbo wa saa kumi ya jioni, mwezi wa kumi na moja, maharagwe bado machanga. Nilipomaliza nilikuwa nalia na Séraphin alikuwa amesimamisha taya.

“Saa kumi,” alisema. “Mwezi wa kumi na moja. Bon, iyo naweza.”

Tulifanya kazi Jumamosi nne. Alichora kwenye kitambaa, kama wanavyofanya kwao, ili kikunjike. Alipiga wingu zito la buluu juu, mistari ya mvua imelala upande mmoja, maharagwe mekundu na kijani yamepangwa safu safu, kibanda cha nyasi. Ndani akaweka wanawake wamekaa chini, miguu imenyooka, vitambaa vimefungwa kichwani. Nilimwambia kwamba kwenye kibanda wanasimama, hakuna nafasi ya kukaa. Akasema wakisimama wanakuwa foleni ya basi. Nikamwachia.

“Na wewe nikuweke fasi gani?” aliuliza.

“Na mimi?”

“Ni wewe uko unatuma. Lazima uonekane.”

Aliniweka nje. Ng’ambo ya shamba, peke yangu, na gauni jeupe, mvua yote inanipita, nimeelekea kibandani lakini niko mbali. Halafu akamweka mama mlangoni mwa kibanda. Akaangalia nakala ya Hervé, akaangalia tena, akasema, “Uyu mukono ku shavu iko na huzuni muzuri, naiba,” na akampa mama mkono ule. Mama ameegemeza shavu kwenye kiganja, anaangalia upande wangu.

Nilipouona nilipiga kelele, “Acha hapo! Usiguse tena kitu!” Alikuwa yeye. Hata kidevu. Nilitaka wimbo useme nakutamani, na sasa ulikuwa unasema.

Aliyeupeleka ni Alphonsine, mfanyabiashara wa vitenge mwenye papier za kila rangi, anayekwenda Bukavu mara tatu kwa mwaka. Alikuwa amefiwa na mume Januari na bado anavaa nyeusi. Tulikunja kitambaa, na ili rangi isichubuke nikakizungushia shuka langu jeupe, safi, la pasi. Nilimwambia, “Mupe mama mukononi. Usimupe Bienaimé, mupe mama.” Akaniahidi.

Siku zile za kungoja nilikuwa kama bibi arusi. Nilijiona nikimwona: anakunjua, anaangalia wingu, anaangalia maharagwe, kisha masikio yake yanafunguka kwa ndani. Niliwaza labda ataimba. Nilimsimulia Hervé, Hervé akafurahi mpaka akanitengenezea kahawa yeye mwenyewe, mbaya.

Bienaimé akapiga simu Alhamisi. Siku ya Alhamisi hapigi. Nilikuwa ndani ya tram.

“Yaya? Ni wewe?”

“Unataka akuwe nani? Umepiga namba yangu.”

“Lakini ni wewe kabisa?”

“Bienaimé, umekunywa?”

Kisha nikasikia anapumua kama mtu aliyeteremsha gunia la muhogo.

“Yaya, usikasirike,” alisema. “Huku tuko ku matanga yako.”

Nikashuka tram kituo kisicho changu.

Acha nikueleze jinsi ilivyotokea, na utaniambia nani alaumiwe, maana mimi nimeisha kulaumu wote. Kwetu habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Mtoto akifia mbali, anatumwa mtu. Mtu huyo anakuja amenyamaza, anakaa kwanza, anaomba maji, halafu anatoa kitu cha marehemu. Ukiuliza, watakwambia anaumwa kidogo tu, mpaka ukoo ukamilike, ndipo unaambiwa. Kila mtu anajua, na kila mtu anafanya hivyo.

Basi Alphonsine anafika Nyangezi. Amevaa nyeusi. Barabara imemvunja mgongo, kwa hiyo anakaa kabla ya kusalimia, na anaomba maji kwa ishara. Hasemi, maana anajua mama hasikii, atasema nini? Anatoa furushi la shuka jeupe na kumwekea mama mikononi kwa mikono miwili, kwa heshima. Mama anakunjua. Anaona wanawake wamekaa chini miguu imenyooka, vitambaa vimefungwa, kama wanavyokaa wafiwa. Anamwona binti yake nje, peke yake, na nguo nyeupe, mahali ambapo watu wa kibandani hawafiki. Na anajiona yeye mwenyewe mlangoni, ameshika tama.

Ameshika tama! Mimi mtoto wa Nyangezi, niliyepigwa vidole mara mia kwa kuegemeza shavu mkononi, “Toa mukono pale, unaita matanga ku nyumba ya baba yako?”, mimi niliangalia mkono ule Jumamosi nne na nikaona huzuni nzuri. India imekaa na maana yake na sisi na yetu, na miaka sita Ulaya ilitosha kunisahaulisha ya kwetu. Mama alitoka uani akapiga yowe. Alphonsine alijaribu kumshika, mama akamkumbatia na kumshukuru kwa kuja. Kufika jioni ua ulikuwa umejaa.

Bienaimé alipofika kutoka Bukavu alimwambia kwa mikono na kwa uso: Sidonie mzima, Sidonie anafanya kazi, Sidonie anakula. Mama alimtazama kwa huruma. “We pia unanificha,” alimwambia. “Hata mi nilimufichaka mama yangu wakati kaka yake alikufa. Usijisumbue, mutoto yangu.” Unamfumbua macho vipi mtu kama huyo? Ukisema yuko hai, ndivyo wanavyosema. Ukinyamaza, ndiyo hiyo.

Siku tano nilikuwa marehemu, mbili za kwanza bila kujua. Nilisafisha nyumba, nilipanda tram, nilinunua mkate, na huku mama yangu yuko chini ananililia. Usiku niliota, asubuhi niliamka nimechoka. Sikumwambia Hervé. Séraphin nilimtukana mpaka alilia, na akilia anatafuna haraka zaidi.

Ni yeye aliyefikiria cyber. “Macho anayo,” alisema. “Masikio njo hana. Akuone na kamera.” Kwa nini hatukuwahi? Kwa sababu kutoka Nyangezi mpaka cyber ya Bukavu na barabara ile ni safari ya mchana mzima, na mama alisema miaka yote haendi kuangalia sanduku linalofungua mdomo. Bienaimé akasema atamleta Jumamosi. Sikumuuliza kwa namna gani.

Jumamosi saa tisa nilikuwa ndani ya cyber moja ya Galerie d’Ixelles, kati ya saluni mbili, kelele za mashine za kukausha nywele kushoto na kulia. Séraphin alikuwa amenichagulia nguo: nyekundu, hereni kubwa, rangi ya mdomo. “Uonekane muzima,” alisema. Nilionekana kama bango lake. Skrini ikawa kijivu, ikawa vipande, ikawa Bienaimé. Kisha Bienaimé akasogea na nikamwona mama.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Chote. Nywele za mama yangu, ambazo alikuwa anazifunga usiku kwa uzi mweusi, hazikuwepo. Zilikuwa zimeenda kwa ajili yangu. Nyuma yake walikaa wanawake watatu wa Nyangezi, na mmoja ameshika mkeka mpya uliokunjwa. Nikaelewa jinsi Bienaimé alivyomleta. Alikuwa amemwacha aamini wanaenda kupokea mwili.

“Mama!” nililia. “Mama, ni mimi!”

Aliniangalia muda mrefu. Alinyoosha mkono akagusa kioo, akagusa shavu langu kwa kidole. Akainama akatazama nyuma ya mashine.

“Ni muzuri,” alimwambia Bienaimé kwa sauti ya juu, sauti isiyojisikia. “Alikuwa munene. Ni ya lini?”

“Ni sasa, mama! Ni leo!” Bienaimé alikuwa anapunga mikono kama anayefukuza ndege.

“Ni video,” alisema mwanamke wa mkeka. “Ku matanga ya muzee Jean-Baptiste balionyeshaka vile vile. Anacheka, anakula, na ameisha kuzikwa.”

Nilipunga mkono. Nilisimama, nilikaa, nilivua hereni moja, nilitoa ulimi. Watu wa cyber waligeuka. Kila nilichokifanya kilifika kwao kimechelewa na kukatikakatika, na marehemu wa kwenye video nao hupunga mkono. Mama alitikisa kichwa polepole, machozi yanatiririka, ananishukuru kwa kuwa mzuri. Niliona nampoteza mbele ya macho yangu. Mimi ndiye niliyemtumia picha ya kwanza ya matanga, na hii ilikuwa ya pili.

Kisha akafuta uso na kanga. Akanitazama vile alivyokuwa akitazama maharagwe anapochambua. Na mama yangu, ambaye miaka minne hakutaka kupika asichoonja, akafungua mdomo akaimba.

Sauti ilikuwa imepinda. Ilipanda mahali pasipo pake, ikashuka, haikujua njia. We mgeni gani huna hodi, umeingia na matope miguuni, nani alikuita? Akaimba mstari mmoja tu, akanyamaza. Akakaza macho kwenye mdomo wangu. Video hupunga mkono, hucheka, hula. Video haiitikii.

Na mimi, mjinga wa mwisho, nilikuwa nalia. Séraphin alinipiga mgongoni, paa! Nikaitikia: mwache amalize, ataenda. Niliitikia kwa mdomo wote, mpaka mashine za saluni zikazimwa. Lakini ligne ya intaneti ilikuwa nzito, na kule kwenye skrini mama bado alikuwa anangoja, macho wazi, kichwa kitupu. Sekunde tatu. Nne. Yule wa mkeka akamshika bega amwinue.

Sekunde ya tano, mdomo wangu ukafika Bukavu.

Mama alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akamtoa yule mwanamke begani. Akaimba tusi la pili, nikaitikia, akangoja, nikafika. La tatu. Kisha akaanza kucheka huku analia, akaligonga sanduku kwa kiganja.

“Ni yeye!” alipiga kelele. “Anachelewa! Uyu mutoto toka akiwa mudogo alikuwaka nachelewa kuitikia, shamba nzima inamungoja yeye! Ni Sidonie yangu!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Cyber nzima ya Matonge ikapiga vigelegele, hata wasiojua ni nini. Mimi nilikuwa nabusu kamera, rangi ya mdomo ikaichafua, mama akaniona mwekundu.

Kisha mama akaacha kucheka. Alipitisha mkono juu ya kichwa chake, polepole, mbele mpaka kisogoni.

“Sidonie,” alisema. “Nimekulilia siku tano. Nywele nimeweka chini. Sasa matanga hayaishe na picha. Mwenye alililiwa njo anakuja kumwaga maji ku vichwa vya wenye walilia, na mukono yake. Kuja.”

Nyuma yangu Séraphin aliacha kutafuna. Anajua faili langu, ngazi yetu yote inalijua. Kule Bienaimé aliinua mikono, akachora hewani kitu cha pembe nne, karatasi, akaanza kutafuta ishara ya kukataliwa. Mama akaishusha mikono yake.

“Siulize wewe,” alimwambia. “Nauliza yeye.”

Ningeweza kumwambia kweli. Ingebidi Bienaimé aichore kwa vidole, ofisi kwa ofisi, na mama angemtazama tena kwa ile huruma, kama mtu anayefichwa. Nilisogea karibu na kamera mpaka uso ukajaa.

“Nakuja, mama.”

Hilo hakuna aliyelazimika kumweleza kwa ishara. Alilisoma mwenyewe kwenye midomo yangu, akaitika kwa kichwa, akamnyang’anya yule mwanamke mkeka na kuutia kwapani. Kisha akageuka akaanza kumuuliza Bienaimé ni nani pale Nyangezi ana mbuzi wa kuuza.